Kiongozi asiyejua historia anaweza kutusimamia mbele ya mataifa? Mjadala ulianzia kwenye atlasi ya mtoto, Kurasini

Wakuu habari za jioni. Hili jambo limenikaa kichwani tangu Jumamosi nikaona bora nilimwage hapa tulijadili kwa nafasi, maana kule kijiweni liliishia watu kunyanyuka kila mtu na kikombe chake.

Mi ni ejenti wa mizigo ya transiti, kutwa nzima niko bandarini na Kurasini na makaratasi ya Zambia, Kongo na Malawi. Jioni huwa tunakaa kwa mzee mmoja muuza kahawa jirani na yadi ya malori, kahawa na kashata, stori za Simba na Yanga na siasa kidogo. Jumamosi akapita machinga anauza atlasi za shule. Kuna dereva mmoja Mmalawi tumezoeana miaka, Kiswahili chake cha barabarani kimenyooka kuliko cha baadhi yetu, akanunua moja ampelekee mwanae Mzuzu. Akaifungua palepale kwenye benchi, akaikodolea macho weee, halafu akacheka peke yake. Akasema bwana, huu mzigo una shoti, mmetukatia ziwa.

Tukasogea kuangalia. Ni kweli, kwenye atlasi yetu mstari wa mpaka unapita katikati ya Ziwa Nyasa, ye akatoa simu akatuonyesha ramani ya kwao, mstari umelala ufukweni kabisa upande wetu, kwenye mchanga. Yaani kwa ramani yake mama wa Mbamba Bay akishuka kuchota maji ndoo ikigusa tu ziwa ashaingia nchi ya watu bila pasipoti.

Basi hapo ndo moto ukawaka. Kijana mmoja fundi matairi akasema haya mambo ya mipaka ya wakoloni ya 1890 ndo yanayotuchelewesha Waafrika, kiongozi wa leo anatakiwa ajue bei ya mafuta, ajue nani ana dola, ajue kukaa kwenye meza ya biashara, historia amuachie mwalimu wa form two. Tena akaongeza, kwani rais anafanya mtihani wa NECTA? Ana washauri, ana wizara, ana mabalozi, akitaka kujua kitu anauliza. Watu wakacheka na wengi wakamuunga mkono, na sio kwamba alikuwa anaongea pumba, hoja yake ina uzito na nitairudia huko chini.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnipige vizuri: digrii ya historia sio lazima, na historia ya kwetu peke yake haitoshi, inaweza hata ikawa hatari. Anachotakiwa kujua kiongozi ni vile mwenzake anavyoikumbuka hiyo historia. Huyo jirani unayekwenda kukaa naye, kwao wanasimuliana nini kuhusu wewe? Hapo ndo wengi wanapofeli, wenye digrii na wasio nazo.

Nianze na hilo ziwa maana ndo lililotuleta hapa. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walisaini mkataba ambao huwa unaitwa wa Heligoland, wakagawana maeneo huku bila kumuuliza mtu yeyote wa huku, na upande wa Nyasa wakaandika mpaka unafuata ufukwe wa mashariki. Malawi anasimama hapo. Sisi tunasema mpaka wa maji kwa kawaida unapita katikati, na kwamba mkataba wenyewe kwenye kifungu cha sita ulisema hiyo mistari inaweza kurekebishwa kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya sehemu husika, na baada ya vita ya kwanza Mwingereza akawa anatawala pande zote mbili na ramani zake zenyewe zilikuwa zinayumba, nyingine katikati nyingine ufukweni. Hoja zetu sio mbaya hata kidogo.

Sasa utamu uko hapa. Julai 1964 kule Cairo wakuu wa OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walipitisha azimio kwamba nchi za Afrika zitaheshimu mipaka ile ile iliyokuwepo siku ya uhuru. Unajua nani alikuwa mbele kulipigia debe? Tanzania. Mwalimu Nyerere mwenyewe. Na alikuwa sahihi, kila mmoja angeanza kudai kipande cha babu yake leo tusingekuwa na nchi. Ila miaka mitatu baadae, 1967, tunasimama kusema mpaka wetu na Malawi ni katikati ya ziwa, rais wao Kamuzu Banda anachomoa lile lile azimio la Cairo anatuonyesha. Na 1968 akavuka na mipaka kabisa akaanza kudai na wilaya zetu za nchi kavu. Kwa hiyo Mmalawi anapokaa mezani na sisi hasomi 1890 tu, anakumbuka na 1964, tena anakumbuka kwamba maneno yale yalitoka mdomoni mwetu.

Nilipomuuliza yule dereva kama shuleni kwao walifundishwa hilo la Cairo akaniangalia kama nimemuuliza kama anajua jina la mama yake.

Alafu 2011 Malawi wakatoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani kwa kampuni ya Kiingereza, 2012 mambo yakachacha, wakati wa Kikwete na Joyce Banda, mpaka ikabidi waitwe marais wastaafu chini ya Chissano wa Msumbiji wasuluhishe. Mpaka leo halijaisha. Mi nakumbuka mwaka ule, huku yadini watu walikuwa wanaongea vita kama wanaongelea mechi, tutawachapa siku mbili, kanchi kenyewe kadogo. Madereva wa Malawi wakawa wanakaa kimya kwenye benchi. Na hao hao ndo wanabeba mbolea na mafuta kutoka bandari yetu, wana kituo chao cha mizigo hapa hapa Dar, tunakula kupitia wao.

(Kidogo nitoke nje ya mada, pale Liuli kwenye ziwa hilo hilo, enzi hizo Wajerumani wanapaita Sphinxhafen, Agosti 1914 meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu inatengenezwa. Manahodha wa pande zote mbili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, yule Mjerumani alikuwa hata hajapata habari kwamba vita imeanza, akapiga kasia kumfuata mwenzie anafoka. Ndo ujue taarifa ni silaha.)

Sasa nirudi kwa fundi matairi. Akasema unamsifia Mwalimu kwa sababu alisoma historia Edinburgh na akaifundisha pale Pugu, lakini huyo huyo si ndo aliitambua Biafra? Aisee hapo kijana alinibana. Ni kweli, Aprili 13, 1968, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, miaka minne tu baada ya Cairo. Mtu aliyesema tusiguse mipaka ndo huyo huyo anatambua kipande kilichokatwa. Mwalimu alikuwa na sababu zake, alisema serikali ambayo watu wake hawajisikii salama ndani yake haiwezi kuwalazimisha wabaki, na mauaji ya Waigbo kaskazini mwa Nigeria yalikuwa yametokea kweli. Ila Wanigeria walikasirika sana, na ukitaka kuwa mkweli historia haikumuokoa hapo, alikuwa anaijua yote na bado uamuzi ule watu wanabishana nao mpaka kesho. Mi mwenyewe sijui ningekaa upande gani.

Kwa hiyo wale wanaosema "tuchague msomi wa historia mambo yatanyooka" nao wapunguze. Mifano ya wasomi waliochemka ni mingi. Mchukue Anthony Eden, waziri mkuu wa Uingereza. Huyu bwana alisoma lugha za Mashariki pale Oxford, Kiajemi na Kiarabu, akafaulu daraja la kwanza. Mwaka 1938 alijiuzulu uwaziri wa mambo ya nje kwa sababu bosi wake alikuwa anambembeleza Mussolini. Heshima tupu. Ikafika Julai 1956 Nasser wa Misri anautaifisha mfereji wa Suez, Eden anamuangalia Nasser anamuona Mussolini! Kichwani kwake mwaka ni ule ule 1938. Akaingia vitani kwa njama na Wafaransa na Waisraeli, Marekani wakamkunjia sura, pauni ikayumba, Januari 1957 kaachia ngazi. Mtu anayejua Kiarabu hakuweza kusikia Wamisri walikuwa wanakumbuka nini, kwamba Waingereza waliingia Misri 1882 wakasema wanapita tu, wakakaa miaka sabini na ushee.

Kissinger, yule waziri wa mambo ya nje wa Marekani, ndo usiseme, daktari wa falsafa wa Harvard kabisa, aliandika tasnifu kuhusu wanadiplomasia wa Ulaya baada ya Napoleon, muulize Mkambodia aliyemwagiwa mabomu ya Marekani enzi zake akuambie hiyo elimu ilimsaidia nini yeye.

Na Putin je? Julai 2021 aliandika makala ndefu ya historia kuthibitisha kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja, miaka elfu moja ya hoja. Februari 2022 vifaru vikavuka. Hapo huwezi kusema hajui historia, anaijua, tatizo anaijua ya kwake tu na anaitumia kama hati ya kiwanja. Waukraine wana yao wanayoikumbuka, njaa ya 1932 na 1933 mamilioni wamekufa, hiyo kwenye makala yake kaigusa juu juu tu.

Upande wa pili kuna Ernest Bevin, na huyu nilimpeleka kijiweni makusudi maana nilijua madereva watampenda. Aliacha shule ana miaka kama kumi na moja hivi, akawa dereva wa mkokoteni wa farasi kule Bristol, akaja kuunda chama kikubwa cha wafanyakazi wa usafirishaji 1922. Huyo ndo alikuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza 1945 mpaka 1951, na NATO ya 1949 ina mkono wake. Hakuwa na cheti cha historia wala cha nini, ila alikuwa ametumia miaka thelathini kukaa mezani na matajiri na wagomaji, anajua mtu akikasirika anakasirikia cha jana au cha miaka kumi iliyopita. Pamoja na hayo Palestina ilimshinda, 1947 wakaitupia Umoja wa Mataifa. Madereva hilo la Palestina hawakutaka kulisikia, walishabaki kwenye mkokoteni.

Hapa mzee wa kahawa ambaye muda wote alikuwa anasukutua vikombe akaingilia. Akasema nyie mnazungumza Wazungu, semeni Kenya. Na kweli Kenya ndo mfano ambao sisi wa Dar tunatakiwa tuuongelee zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikufa 1977. Ukimuuliza Mtanzania wa rika la baba yangu anakwambia Wakenya walitudhulumu, ndege zikabaki kwao, meli, viwanda vyote vilikuwa kwao. Ukimuuliza Mkenya wa rika hilo anakwambia Watanzania walifunga mpaka, ujamaa wao na wivu wao. Wote wanasema kweli nusu. Mpaka ulifungwa 1977 ukaja kufunguliwa 1983. Mali za Jumuiya ziligawanywa kwa mkataba wa 1984 baada ya msuluhishi Mswisi kuhangaika nazo miaka, na mkataba mpya ukasainiwa Arusha Novemba 30, 1999. Na kuna la tatu ambalo wote wanalisahau, kwamba tangu Amin apindue Uganda Januari 1971 wakuu watatu hawakukaa tena kikao kwa sababu Mwalimu alikataa kukaa meza moja na mtu yule. Alikuwa na haki, ila nyumba ya watu watatu wasiokaa kikao haidumu.

Haya, njoo 2017. Pale Namanga tukakamata vifaranga 6,400 kutoka Kenya, tukavichoma. Kisheria kulikuwa na hoja ya mafua ya ndege, sibishi. Ila picha ile ya vifaranga ilivyopokelewa Nairobi haikuwa ya mafua ya ndege, ilikuwa ya 1977. Watu ambao hawajazaliwa 1977 walikuwa wanaongea lugha ya 1977. Mtu aliyetoa amri sidhani kama aliwaza hilo hata sekunde moja, na hakuna sheria inayomtaka awaze. Vifaranga ungeweza kuviua kimyakimya au kuvirudisha. Hicho ndo ninachokisema mimi, wala hahitaji kujua jina la msuluhishi Mswisi, anahitaji tu kujua kwamba jirani ana kidonda sehemu ile na ukipagusa atapiga kelele kuliko ukubwa wa kofi.

Fundi matairi akarudi na ile ya washauri. "Si ndo kazi ya wizara hiyo?"

Nikamjibu kwa kisa cha ofisini kwangu, naomba nikiweke na hapa maana ndo kilichonifundisha. Tulikuwa na mteja Lubumbashi, mkubwa, kontena kumi na tano mpaka ishirini kwa mwezi. Miaka ya nyuma kulitokea kosa letu, karani alikosea namba moja kwenye makaratasi, kontena zikakaa bandarini, storeji (ada ya mzigo kukaa bandarini) ikapanda, yule mzee wa Kikongo akalipa kwa hasira akapanda ndege akaja mwenyewe. Bosi wa wakati ule akampeleka kula samaki, wakaongea, wakakubaliana kwa mdomo kwamba kuanzia siku hiyo bili yoyote ya storeji haitumwi kwake kabla ya kupigiwa simu. Ikaandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ikaingia kwenye faili lake, faili la kijani limefungwa kamba ya katani. Miaka sita tukakaa kwa amani. Akaja bosi mpya, kijana msomi, digrii mbili, mchapakazi kweli. Wiki ya tatu anaona deni la storeji, akatuma bili kwa barua pepe saa nne asubuhi na onyo la mwisho juu. Saa nane mzee kahamisha mzigo wote kwa ejenti mwingine. Faili lilikuwa kabatini, chini ya maboksi ya karatasi za fotokopi. Na mimi nilikuwepo! Mimi mshauri nilikuwa meza ya tatu kutoka kwake, najua kila kitu, hakuniuliza kwa sababu hakujua kuna cha kuuliza.

Hapo ndo hoja ya washauri inapovuja. Mshauri anajibu alichoulizwa. Kiongozi lazima awe na kitu kidogo kichwani kinachomwambia "hebu ngoja, hawa watu tulishawahi kukorofishana, lete faili kwanza". Hicho kidogo ndo naita historia. Sio tarehe.

Na faili lazima liwepo. Nchi hii tuna Chuo cha Diplomasia pale pale Kurasini, dakika chache kutoka hicho kijiwe chetu, kilianzishwa 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji. Hebu fikiria, Msumbiji ina miaka mitatu tu ya uhuru na tunaanzisha nao chuo cha kufundisha mabalozi. Kwa sababu tulikuwa tunafahamiana, FRELIMO, chama chao cha ukombozi, ilizaliwa hapa Dar Juni 1962, kiongozi wake Mondlane aliuawa kwa bomu la kifurushi hapa hapa Februari 1969. Wamsumbiji wanayakumbuka hayo. Je vijana wetu wanaopelekwa ubalozi Maputo leo wanajua kwamba wanapofika pale wanaingia na hiyo akiba mfukoni? Akiba isiyojulikana ipo haitumiki, kama hela kwenye laini ya simu iliyofungiwa.

Wachina ndo wanajua kutumia. Mi naishi njia ya Gongo la Mboto, kule ndani kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina waliokufa wakati wa kujenga TAZARA, zaidi ya sitini. Sehemu safi, nyasi zimekatwa. Kila mkubwa wa kutoka China akija Dar haachi kupita kuweka maua, Xi Jinping alifika Machi 2013. Reli ilijengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860, mkopo wa yuani milioni 988 bila riba, wakati Benki ya Dunia na nchi za Magharibi walishasema mradi haulipi. Na Oktoba 25, 1971, China iliporudishiwa kiti chake Umoja wa Mataifa, balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa ukumbini anashangilia waziwazi na Wamarekani hawakusahau, alipogombea Ukatibu Mkuu 1981 wakampiga veto raundi kwa raundi. Wachina nao hawakusahau, wakamkatalia Waldheim, katibu mkuu aliyekuwepo, mara kumi na sita mpaka wote wawili wakakaa pembeni. Maua ya Gongo la Mboto yanagharimu hela ya chai, lakini yanasema tunakumbuka mnachokumbuka. Mtu mmoja kijiweni akasema hiyo ni danganya toto, wanaweka maua huku wanachukua mikataba. Inawezekana. Lakini mbona anayekudanganya kwa historia yako inabidi aisome kwanza, na wewe unayedanganywa hujaisoma?

Wajerumani nao walikuja, Novemba 1, 2023 Rais Steinmeier alienda Songea mwenyewe kwenye makumbusho ya Majimaji, akaomba radhi, akazungumza na familia ya Chifu Songea Mbano aliyenyongwa 1906. Miaka zaidi ya mia imepita. Kuna waliosema maneno matupu, fidia iko wapi, mjusi wetu wa Tendaguru, yale mifupa ya dinosaria, bado amesimama Berlin watoto wao wanapiga naye picha. Mi nasema sawa dai fidia, dai na mjusi, lakini ili udai lazima ujue ulichukuliwa nini na lini. Yule mnyama alichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya watu wa kusini huko huko kumalizwa na vita na njaa. Waziri anayekwenda Berlin bila kuziweka hizo tarehe mbili pamoja kaenda kuomba msaada wa madawati.

Halafu kuna historia ya uongo, hii nayo ni janga. Pale pale kwenye kahawa jamaa mmoja akasimama na ile ya Malkia Victoria kumpa mjukuu wake Kaiser mlima Kilimanjaro zawadi ya birthday, ndo maana mpaka umepinda. Watu wote wakaitikia. Hiyo stori sio kweli wakuu, ule mstari ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, huyo anayeitwa Kaiser hajapanda hata kiti bado, kapanda 1888, na mstari umepinda kwa sababu upande mmoja walikuwa wanaitaka Mombasa mwingine wanautaka mlima. Nikiwaambia wakaniona naharibu stori nzuri. Sasa kiongozi aliyejazwa stori za namna hii akakaa na Mkenya kuzungumzia mpaka si bora asingejua chochote?

Kuna kitu bado kinanisumbua na sina jibu lake. Februari 2022 balozi wa Kenya kule Baraza la Usalama, Martin Kimani, alitoa ile hotuba maarufu kuhusu Ukraine, akasema mipaka yetu tulichorewa na wakoloni London, Paris na Lisbon, tungeamua kufukuzana na ukabila kila mtu aungane na ndugu zake ng'ambo tungekuwa bado tunapigana, tukaamua kuangalia mbele. Hiyo ni Cairo 1964 tupu, mi nilisikia sauti ya Mwalimu ndani yake. Wiki ile iliyofuata, Machi 2, Umoja wa Mataifa wakapiga kura kulaani uvamizi, Kenya ikapiga ndiyo. Tanzania tukajizuia, Uganda ikajizuia. Historia ile ile, mkoloni yule yule, azimio lile lile tulilolipigia debe sisi, na tukafika sehemu tofauti kabisa. Watetezi wetu wanasema sisi tulikuwa tunakumbuka kutofungamana na upande wowote, na nani alitupa silaha za ukombozi wakati wengine wanatuita magaidi. Sawa, nayo ni kumbukumbu. Kwa hiyo ukisema historia itamwambia kiongozi afanye nini, unadanganya. Inamwambia tu ni nani atakumbuka alichofanya.

Fundi matairi kwa hili alicheka sana, akasema si umeona, bora dola.

Mwishoni watu wakaanza kuniuliza sasa wewe unataka nini, mgombea apewe mtihani? Nikasema ndio, mmoja tu, wa mdomo. Asimame kwenye mdahalo aombwe asimulie kisa cha Ziwa Nyasa kama anavyokisimulia Mmalawi. Bila kejeli, bila "wanadai eti". Akikisimulia vizuri mpaka Mmalawi aliyekaa mbele atikise kichwa kukubali, halafu ndo aseme kwanini pamoja na hayo yote katikati ya ziwa ni kwetu, huyo mi nampa kura na pasipoti aende popote.

Dereva akasema hata mimi nampigia. Akaichukua atlasi yake, akaomba kalamu kwa mzee wa kahawa ile ya kuandikia madeni, nikadhani anataka kuchora mpaka wa kwao. Akaandika tu jina la mtoto kwenye jalada la ndani na darasa, akaifunga kwenye mfuko wa rambo. Alikuwa anatakiwa aondoke usiku, Mbeya, Tukuyu, Kasumulu, Karonga.

Fundi matairi akamsubiri aondoke ndo akaniuliza kwa sauti ya chini, na kama huyo mgombea akikisimulia cha Mmalawi vizuri, akashindwa kukisimulia cha kwetu? Mi nikabaki na kashata mkononi. Nawaachia wadau.